Omukama Kabalega na Maji Yasiyo na Ng'ambo

Ndugu askari na polisi, nchi yetu haina pwani. Kijana wa Uganda aweza kuzaliwa, akasoma, akaingia jeshini na kuvaa kombati, asiwahi kuiona bahari hata siku moja. Maji ayajuayo ni ya mto na ya ziwa, na maji hayo, hata pale jicho lisipofika upande wa pili, kila mvuvi ajua kwamba yana ng'ambo, na ng'ambo hiyo ina watu. Wengi wetu tuliiona bahari kwa ajili ya kazi. Wazee wetu wa King's African Rifles walivuka Bahari ya Hindi wakati wa vita vikuu vya pili wakaenda kupigana Burma mwaka 1944. Na tangu Machi 1907 ilipokwisha kupita karne moja kamili, yaani Machi 2007, askari wa Uganda walishuka Mogadishu, mji ambao mawimbi huupiga mchana na usiku.

Leo twapenda kueleza habari za mpiganaji aliyetutangulia sote katika safari hiyo. Yeye hakufika pwani akiwa na silaha begani. Alifikishwa akiwa mateka, amepoteza mkono, naye alikuwa mfalme aliyekwisha kutawala kwa karibu miaka 30. Huyo ni Omukama Chwa wa Pili Kabalega wa Bunyoro-Kitara.

Kabalega alikuwa mwana wa Omukama Kamurasi. Kamurasi alipofariki mwaka 1869, vita vilizuka baina ya Kabalega na ndugu yake Kabigumire, na Kabalega akashinda. Ufalme alioupata ulikuwa umepungua sana: Toro ilikuwa imejitenga tangu zamani za babu zake, Buganda ilikuwa imejipatia nguvu, na wakuu wengi waliitii Ikulu pale tu walipopenda wenyewe. Kijana huyo alitambua kwamba mfalme anayengoja wakuu wamletee watu siku ya vita hana jeshi. Akaunda askari wa kudumu walioitwa Abarusura, akawagawanya katika vikosi, akaviweka sehemu mbalimbali za nchi na mipakani, kila kikosi na mkuu wake. Miongoni mwa wakuu hao majina ya Rwabudongo na Ireeta yamebaki mpaka leo katika masimulizi ya Wanyoro. Abarusura hawakuchaguliwa kwa ukoo bora. Mtu wa kawaida, hata mgeni kutoka nje ya Bunyoro, aliweza kuingia na kupanda cheo kwa ushujaa wake.

Bunduki za jeshi hilo zilitoka mbali. Wafanyabiashara wa Khartoum walizileta kwa njia ya kaskazini, na wafanyabiashara wa pwani walizileta kwa njia ya kusini, wakachukua pembe za ndovu. Basi bahari ilikuwa imekwisha kufika Bunyoro zamani kabla Omukama hajaiona. Ilifika katika nguo, katika shanga, na katika baruti.

Vilevile Kabalega alikuwa mtu wa maji. Upande wa magharibi nchi yake ilipakana na ziwa Mwitanzige, ambalo wageni waliliita Albert, na siku ya anga safi mtu aliyesimama ukingoni huiona milima ya Kongo upande wa pili. Kando ya ziwa hilo kuna Kibiro, mahali ambapo wanawake huchuja chumvi kutoka katika udongo, na chumvi hiyo iliuzwa nchi nyingi za jirani ikauletea ufalme mali. Upande wa kaskazini na mashariki ulipita mto Nile, wenye visiwa, mafunjo na vivuko ambavyo wenyeji peke yao walivifahamu. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa boma la Kabalega.

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Mwaka 1872 Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na mtawala wa Misri, alifika Masindi na askari wake, na tarehe 14 Mei akatangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Kabalega hakukubali. Tarehe 8 Juni vita vilipigwa hapo Masindi, vita ambavyo Wanyoro huviita Baligota Isansa. Bunduki za Baker zilikuwa bora, lakini chakula hakikuwapo na nchi yote ilimkataa. Siku chache baadaye alichoma vitu vyake akarudi nyuma kuelekea mto Nile, huku mikuki ikimtoka majanini kila hatua ya njia. Hapo tunajifunza kwamba Kabalega, angali kijana, alikwisha kufahamu jambo ambalo hufundishwa katika vyuo vya kijeshi mpaka leo: adui mwenye silaha kali hushindwa akinyimwa chakula, njia na usingizi.

Baada ya hapo aliirudisha Toro chini ya ufalme wake, na mwaka 1886 Abarusura walilishinda jeshi la Buganda huko Rwengabi. Hatuna budi kusema kweli kwamba vita hivyo viliwaumiza majirani, na kwamba katika nchi zilizovamiwa jina lake halikutajwa kwa wema. Mfalme shujaa kwa watu wake aweza kuwa tishio kwa wengine. Jambo hilo lilimgharimu, kama tutakavyoona.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipita magharibi akamrudisha Kasagama katika kiti cha Toro. Mwishoni mwa 1893 Kanali Colvile aliivamia Bunyoro. Alikuwa na askari wa Kisudani, bunduki za rashasha za Maxim, na maelfu ya wapiganaji wa Buganda walioongozwa na Semei Kakungulu. Kabalega hakuungojea msiba huo mjini. Aliuchoma mji wake wa Mparo, karibu na Hoima, akaingia katika msitu wa Budongo. Waingereza walijenga mstari wa ngome kutoka Kibiro kuelekea Buganda, wakaikata nchi vipande viwili. Mashamba yalichomwa, ng'ombe walichukuliwa, na njaa na maradhi vikaua watu wengi kuliko risasi.

Ndipo Kabalega alipouegemea mto. Alivuka Nile akapiga kambi upande wa Lango, akawa anarudi kwa mitumbwi kushambulia na kuondoka tena. Tarehe 2 Machi 1895 majeshi ya Mwingereza yalijaribu kumshambulia katika kisiwa cha Kijumbura, yakarudishwa nyuma, na afisa wao mmoja akapata majeraha yaliyomwua. Iliwapasa kurudi baada ya mwezi mmoja na jeshi kubwa zaidi ndipo wakapita. Hata hivyo walimkosa, kwa kuwa mto ulikuwa na ng'ambo, na ng'ambo ilikuwa na marafiki. Walango walimpokea mgeni huyo, wakamlisha na kumficha kwa miaka minne.

Mwaka 1897 Kabaka Mwanga wa Buganda naye aliasi dhidi ya Waingereza, akashindwa, na hatimaye akamfikia Kabalega huko Lango. Fikirini, ndugu zetu: wafalme wawili ambao majeshi yao yaliuana Rwengabi mwaka 1886 sasa walilala katika kambi moja na kumkimbia adui mmoja. Urafiki huo ulikuja ukiwa umechelewa. Laiti ungalikuja miaka 10 kabla yake, Colvile angalipata wapi maelfu ya kumsindikiza hadi Mparo?

Tarehe 9 Aprili 1899, karibu na Kangai, jeshi la Kanali Evatt pamoja na watu wa Kakungulu liliizingira kambi. Kabalega alipigana mpaka risasi ikamvunja mkono. Alikamatwa, na Mwanga akakamatwa pia. Mkono ule haukuweza kuponywa, ikabidi ukatwe.

Serikali ya Mwingereza haikutaka kumweka mahali popote ambapo habari zake zingeweza kuwafikia watu wake. Wafalme hao wawili wakaanza safari ya kwenda pwani. Wakati huo reli ilikuwa bado haijafika ziwa Victoria. Ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901. Baina ya Kangai na bahari kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Waliwekwa kwanza Kismayu, mji ulio leo katika nchi ya Somalia, na hapo ndipo Omukama wa Bunyoro alipokaa mbele ya Bahari ya Hindi.

Askari aliyesimama juu ya mchanga wa pwani ile anafahamu alichokutana nacho. Maji hupanda na kushuka bila mvua wala kiangazi. Huwezi kuyanywa ijapokuwa kiu inakuua, na mtu aliyezaliwa katika nchi ya chumvi ya Kibiro huona chumvi isiyopimika na isiyomfaa. Zaidi ya hayo yote, hakuna milima upande wa pili. Mtu aliyeshinda kwa kuvuka maji, ambaye kila alipobanwa alitafuta mtumbwi na ng'ambo, aliwekwa mbele ya maji yasiyo na ng'ambo ya kukimbilia. Na juu ya maji hayo zilipita merikebu zilizowaleta Wahindi, bunduki za Maxim na maafisa wa Kiingereza. Kwa miaka mingi Kabalega alikuwa amepigana na matawi. Pwani ndipo ulipokuwa mzizi.

Mwaka 1901 walivushwa hadi visiwa vya Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Mombasa. Katika kisiwa cha Mahé alikuwapo tayari Prempeh, mfalme wa Ashanti kutoka Afrika ya Magharibi, na baadaye kidogo akaletwa Yaa Asantewaa, mama aliyeongoza vita vya Ashanti vya mwaka 1900. Mahé ina milima mirefu na misitu mabichi, na urefu wake haufiki kilomita 30. Waingereza hawakuhitaji kujenga kuta nene. Bahari ilifanya kazi ya mlinzi asiyelala, asiyebadilishwa zamu, wala asiyeweza kuhongwa.

Mwanga alifariki huko mwaka 1903. Kabalega alibaki. Alibatizwa akaitwa Yohana. Habari za kwao zilikuwa za huzuni: sehemu kubwa ya Bunyoro ilikuwa imetiwa chini ya Buganda, na mwaka 1907 Wanyoro waliinuka katika maasi ya Nyangire, wakikataa kutawaliwa na machifu wa Kiganda. Wanawe walikaa katika kiti chake, kwanza Kitahimbwa, kisha Duhaga, chini ya macho ya mkoloni. Yeye hakutia sahihi mkataba wowote wa kuitoa nchi yake ili aachiliwe. Wapo wanaodhani kwamba ushujaa wa askari humalizika anapokamatwa. Maisha ya Kabalega yanatufundisha kwamba kipigo cha siku moja huweza kufuatiwa na ulinzi wa miaka mingi, ambao silaha yake ni subira.

Mwaka 1923 Waingereza walimruhusu kurudi, kwa sharti kwamba arudi kama raia na wala si kama mfalme. Mzee huyo akavuka bahari tena, safari hii akiipa kisogo. Alifika Jinja, akawa amebakiza siku chache tu za njia kufika kwao. Hakuzipata. Alifariki hapo Jinja tarehe 6 Aprili 1923, zikiwa zimesalia siku tatu ili itimie miaka 24 tangu alipokamatwa Kangai. Kilima alichofia huitwa Mpumudde, jina ambalo maana yake ni kupumzika. Mwili wake ulipelekwa Bunyoro, ukazikwa Mparo, mahali pale pale alipouchoma mji wake kwa mkono wake mwenyewe ili adui asiupate.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Kura ya mwaka 1964 iliwarudisha watu wa Buyaga na Bugangaizi upande wa Bunyoro, na mwaka 2009 Serikali ya Uganda ilimtangaza Kabalega kuwa shujaa wa taifa. Katika majeshi yetu leo Mnyoro, Muganda, Mtoro na Mlango hulala hema moja na kula sufuria moja. Hilo ndilo jeshi ambalo Kabalega na Mwanga walilianza wakiwa wamechelewa, kule vichakani Lango.

Jinja, ndugu zetu, ndipo mto Nile unapotoka ziwani. Maji yaliyopita chini ya kilima kile siku alipofariki yaliteremka mpaka Kyoga, yakapita pwani ya Lango iliyomficha, yakazunguka Bunyoro na kuingia Mwitanzige, kisha yakaenda zake kaskazini hadi baharini. Askari atakayepangiwa kazi pwani na kuiona bahari kwa mara ya kwanza, na aitazame vizuri. Yeye ameifikia kwa amri ya nchi yake, akiwa na wenzake na silaha yake, naye ana siku ya kurudi nyumbani. Mzee wetu alipoitazama hakuwa na lolote kati ya hayo, wala hakuisahau ng'ambo yake.