Mwalimu aliyefunga mlango ili wasichana wacheze

Wiki mbili zilizopita binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi ya kutia sahihi. Yuko gredi ya nane, amempita mamake kwa urefu, na mwalimu wa michezo amemtaka kwenye timu ya mpira wa vikapu. Niliisoma ile karatasi, nikaikunja, nikaiweka juu ya friji chini ya kopo la majani chai. Kila jioni mtoto apita pale, aitazama, na haniulizi. Mimi nami najifanya nimesahau.

Sababu zangu mnazijua. Uwanja wa shule uko kando ya barabara na vijana wa bodaboda hupenda kusimama pale kutazama. Kuna suala la nguo. Kuna safari za mashindano. Na kuna maneno ya watu, ambayo mtaani kwetu hufika nyumbani kabla ya mtoto mwenyewe.

Lakini pia kuna dadangu. Miaka ya tisini alikuwa mchezaji hodari wa netiboli shuleni, hadi siku marehemu baba alipoambiwa na mtu msikitini kwamba bintiye aonekana akiruka ruka uwanjani. Jambo likaisha siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Leo dadangu ana sukari na presha, magoti yamuuma, na daktari amemwambia atembee nusu saa kila siku. Hatembei. Aona haya kupita njiani bila ya kuwa na pa kwenda. Miaka thelathini imepita na yale maneno ya msikitini bado yamemkalisha kitako.

Katika wiki hizi mbili, huku karatasi iko juu ya friji, nimesoma maisha ya mwalimu mmoja wa kike wa jimnastiki aliyefariki mwaka wa 1954. Si mtu wa kwetu, wala hakuwa wa dini yetu. Lakini tatizo lake lilikuwa hili hili langu, na namna alivyolitatua imenifanya nifikiri. Jina lake ni Senda Berenson.

Alizaliwa mwaka wa 1868 katika kijiji cha Butrimonys, nchini Lithuania, wakati huo nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, na jina la ukoo lilikuwa Valvrojenski. Mwaka wa 1875, Senda akiwa na miaka 7, familia ilihamia Boston, Marekani. Baba akabadilisha jina likawa Berenson, akawa mchuuzi wa kutembeza bidhaa nyumba kwa nyumba. Ndugu yake mkubwa, Bernard, alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri sana wa michoro ya kale ya Italia. Kwa muda mrefu ukisikia jina la Berenson, aliyetajwa ni huyo kaka.

Senda alikuwa mtoto dhaifu. Masomo yake yalikatika katika kwa sababu ya afya. Alipenda piano, akajiunga na chuo cha muziki pale Boston, lakini mgongo wake haukuweza kustahimili kukaa saa nyingi akifanya mazoezi ya kinanda. Ikabidi aache. Ndipo mwaka wa 1890 aliposhauriwa aingie chuo kipya cha kufundisha walimu wa jimnastiki, Boston Normal School of Gymnastics, kilichoanzishwa na tajiri mmoja mwanamke, Mary Hemenway, na kusimamiwa na Amy Morris Homans. Hakuenda kutafuta kazi, wala michezo hakuipenda. Alitaka mwili upate nguvu ili arudi kwenye piano yake.

Chuo kile kilifuata jimnastiki ya Kiswidi. Msije mkafikiria sarakasi za kupinduka hewani. Yalikuwa mazoezi ya mpango, kwa amri ya mwalimu: kunyoosha mikono, kupinda kiuno, kupanda ngazi za ukutani, kushika kamba, kutembea juu ya boriti. Miezi ya kwanza Senda aliyachukia. Mwili ulimuuma na hakuweza kuvumilia hata kusimama kwa muda. Lakini taratibu mgongo ukakaza, pumzi ikarefuka, na mtu aliyezoea kuhesabiwa kuwa mgonjwa akaanza kulala vizuri na kula vizuri. Piano akaisahau. Januari 1892, akiwa hajatimiza miaka 24, alipelekwa kufundisha mazoezi katika Smith College, chuo cha wanawake kilichoko mji wa Northampton, jimbo la Massachusetts.

Tuelewe zama zile zilikuwaje. Mwaka wa 1873 daktari mmoja wa Boston, Edward Clarke, aliyekuwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu akidai kwamba msichana akisoma sana kama mvulana, damu hupanda kwenye ubongo na kizazi chake kuharibika. Wasomi waliheshimu maneno hayo. Wanawake wa tabaka la juu walibana viuno kwa mikanda migumu hadi kupumua kukawa shida, na mwanamke kuwa dhaifu ilihesabiwa ni ustaarabu. Kwa hivyo chuo kama Smith kilikuwa na mzigo wa kuthibitisha kwamba wanafunzi wake hawafi kwa kusoma. Mwalimu wa jimnastiki ndiye aliyebebeshwa mzigo huo.

Shida ni kwamba wasichana walichoka. Kunyoosha mikono kwa kuhesabiwa, leo na kesho na mtondo, kulikuwa kama dawa chungu. Walitoroka darasa na kutoa visingizio. Senda aliwaelewa, kwani yeye mwenyewe aliyachukia mazoezi yale kabla ya kuyapenda.

Karibu kilomita 30 kutoka pale, katika mji wa Springfield, mwalimu mwingine aitwaye James Naismith alikuwa na shida hiyo hiyo kwa vijana wa kiume. Desemba 1891 alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda kwenye ukumbi wake na kubuni mchezo mpya. Senda aliusoma mchezo huo kwenye jarida, akaona utawafaa wanafunzi wake. Akatundika vikapu vya karatasi taka kila upande wa ukumbi, akawagawa wasichana makundi, akawarushia mpira. Waliokuwa wakitoroka wakawa hawataki kutoka.

Tarehe 22 Machi 1893 aliandaa mechi kamili: wanafunzi wa mwaka wa kwanza dhidi ya wa mwaka wa pili. Hiyo ndiyo yahesabiwa mechi ya kwanza ya wanawake wa chuo katika historia ya mchezo huo. Wachezaji walivaa suruali pana zilizobanwa chini ya magoti, na soksi nzito. Kwa enzi hizo, mwanamume kuona mguu wa msichana wa watu katika vazi hilo ilikuwa aibu kubwa. Senda hakuivunja mechi kwa sababu hiyo. Alifunga mlango. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuingia. Ndani, wanafunzi wenzao walijaa hadi kwenye roshani, wamevaa rangi za madarasa yao, wakiimba na kupiga kelele.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Si ndiyo siku ya kupamba bi harusi wetu? Mlango umefungwa, mwanamume hana njia, na ndani wanawake wako huru, wacheza mpaka alfajiri, na hakuna shekhe wala mzee wa mtaa aliyeona tatizo. Sisi watu wa Pwani twajua tangu zamani kumpa mwanamke mahali pake pa faragha. Ila tumejua kwa ajili ya arusi tu.

Mechi ile haikuanza vizuri. Senda aliporusha mpira juu kuanzisha mchezo, mkono wa msichana wa kati wa mwaka wa kwanza uligongwa na bega likateguka. Wakampeleka pembeni, wakalirudisha mahali pake, mchezo ukaendelea. Mwaka wa pili wakashinda 5 kwa 4. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu, nadhani ningevunja vikapu siku hiyo hiyo, na maneno ya watu yangenipa haki. Yeye alikaa chini kutafuta namna ya kupunguza kuumizana.

Matokeo yake ni kanuni mpya. Aligawa uwanja sehemu tatu, na kila mchezaji akabaki katika sehemu yake, ili nguvu zisimwishe mmoja na wengine wakabaki kutazama. Alikataza kupokonya mpira mikononi mwa mwenzio. Alikataza kuushika zaidi ya sekunde 3 au kuudunda zaidi ya mara 3, ili mpira uzunguke. Wanaojua netiboli wataona wajukuu wa mambo hayo, kwa sababu netiboli nayo ilitokana na mpira wa vikapu uliopelekwa Uingereza miaka hiyo hiyo ya 1890. Aliyowahi kucheza dadangu katika uwanja wa mchanga hapa Pwani yana nasaba na ukumbi ule.

Mchezo ulienea upesi. Aprili 1896, huko California, wasichana wa Stanford walicheza na wa Berkeley na kushinda 2 kwa 1, na huko pia wanaume walizuiwa mlangoni. Mwaka wa 1899 walimu walikutana Springfield kukubaliana kanuni moja, na Senda akawa ndiye mhariri wa kitabu cha kanuni za wanawake kilichotoka mwaka wa 1901. Alisimamia kamati ya kanuni hizo kuanzia 1905 hadi 1917. Katikati ya hayo, mwaka wa 1897, alikwenda Stockholm kusoma jimnastiki kwenye chuo chake cha asili, na pale Smith akaongeza michezo mingine, ukiwemo mchezo wa vitara.

Mwaka wa 1911 aliolewa na Herbert Vaughan Abbott, profesa wa Kiingereza chuoni hapo, akaacha kazi Smith. Hakuacha kufundisha, aliongoza mazoezi katika shule ya wasichana mjini humo hadi 1921. Mumewe alifariki mwaka wa 1929, na baadaye akahamia California kuishi na nduguye wa kike. Alifia Santa Barbara Februari 1954, ana miaka 85, yule mtoto dhaifu asiyeweza kukaa kwenye piano. Mwaka wa 1985 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa vikapu, Springfield, miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Sitaki kumfanya malaika. Senda hakupenda vyuo kushindana. Alitaka wasichana wacheze ndani ya chuo chao tu, akihofia tamaa ya ushindi ingewaharibu. Na zile kanuni zake za kugawa uwanja ziliendelea muda mrefu baada ya haja yake kwisha. Vyuo vya Marekani vilikuja kuwaruhusu wanawake kukimbia uwanja mzima mwaka wa 1971, na shule za sekondari za jimbo la Iowa zilishikilia mchezo wa zamani hadi 1993. Kinga aliyoweka iliwafaa wasichana wa 1893. Wajukuu wao ikawabana, na waliokuja baadaye hawakuwa na ujasiri wa kuuliza kama bado yafaa.

Hata hivyo, jambo moja limenikaa kichwani. Senda na marehemu baba walikuwa na hofu moja: macho ya watu, aibu, usalama wa mtoto. Wote wawili walifunga mlango. Yeye aliufunga wasichana wakiwa ndani wanacheza. Baba aliufunga dadangu akiwa nje ya mchezo. Mimi sidai kwamba haya haina maana. Haya ni yetu na siiachi. Lakini haya si sababu ya kumnyima mtoto afya wakati kuna njia ya kuvipata vyote viwili. Hata shirikisho la mpira wa vikapu duniani liliruhusu mwaka wa 2017 wachezaji wacheze wakiwa wamefunika vichwa. Huko duniani wameshasogea, na mimi bado niko na kopo langu la majani chai.

Juzi nilikwenda shule. Nilimuuliza mwalimu wa michezo, mwanamke mstaarabu, kama wasichana hawawezi kufanyia mazoezi ndani ya ukumbi badala ya kule kando ya barabara. Akanionyesha ukumbi. Umejaa madawati mabovu mpaka dirishani. Akasema miaka mingi wazazi huja kulalamika kuhusu uwanja, lakini mzazi wa kuuliza habari za ukumbi ni mimi wa kwanza.

Usiku ule nilimwita binti yangu, nikamuuliza mwenyewe kama ataka kucheza. Akasema ataka, tena ataka sana, ila aliona afadhali anyamaze. Nikaitoa karatasi, nikatia sahihi. Tumeshapatana kuhusu nguo na kuhusu safari, na mengine tutayaangalia mbele.

Jumamosi hii, baada ya alfajiri, wazazi sita twakwenda kutoa yale madawati. Fundi wa mlango ameshapatikana. Dadangu naye amesema atakuja na ufagio, na ameuliza, kama mzaha, iwapo ukumbi ukiwa safi akina mama nao wataweza kupata saa moja ya kutembea humo ndani jioni. Nimemwambia namuulizia mwalimu.