MSASI WA VIINI: MAISHA YA DAKTARI ROBERT KOCH

Mpenzi msomaji, ukiingia katika maabara ya Biolojia ukafungua kabati la vifaa, hutakosa kukuta visahani vya mviringo vyenye vifuniko. Tunaviita sahani za Petri. Huyo Petri alikuwa msaidizi tu. Bwana mkubwa aliyekuwa akimsaidia ndiye ninayetaka kuwasimulia, na naomba mnitegee sikio, kwani mtu huyu alifika hadi huku kwetu Ziwa Viktoria, na aliyoyafanya huku hayatajwi sana darasani.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, Ujerumani, mji wa machimbo ya madini. Babake alikuwa mhandisi wa migodi, na nyumba ilijaa watoto si haba: walizaliwa kumi na watatu! Inasimuliwa kwamba alipofika umri wa miaka mitano, Robert alikuwa amekwisha kujifundisha kusoma kwa kutazama magazeti. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Baada ya kutangatanga huku na huko, na kuhudumu vitani mwaka 1870, alipata kazi ya daktari wa wilaya mjini Wollstein, mahali ambapo leo ni nchi ya Poland.

Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Mkewe, Emmy, alimzawadia hadubini siku ya kuzaliwa kwake. Zawadi hiyo, wenzangu, ilimpokonya mama huyo mume! Koch alitundika pazia katikati ya chumba chake cha kazi. Upande huu wagonjwa, upande ule hadubini na panya. Wakati huo kimeta kilikuwa kikiwamaliza kondoo na ng'ombe wa wakulima wa wilaya ile, na watu pia. Hakuwa na vifaa vya maana, kwa hivyo alichukua vijiti vyembamba, akavichovya katika damu ya kondoo aliyekufa, akawachoma panya. Panya wakafa. Ndani ya damu yao akaviona tena vile vijidudu mfano wa vifimbo. Kisha akavikuza nje ya mwili katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akagundua kwamba mambo yakiwa magumu vinajigeuza kuwa vijimbegu vigumu vinavyoweza kukaa ardhini miaka na mikaka vikingoja mnyama mwingine. Kumbe ndiyo sababu malisho yale yale yaliua mwaka baada ya mwaka! Mwaka 1876 alibeba vyombo vyake akaenda kuwaonyesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Breslau. Daktari wa mashambani akawaacha maprofesa vinywa wazi.

Nataka tukae kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu ndilo lililompa jina. Koch alidai ushahidi. Kumwona jirani karibu na banda la kuku hakutoshi kumwita mwizi wa kuku, ama sivyo? Vivyo hivyo, kukiona kijidudu ndani ya mgonjwa hakutoshi. Lazima ukitoe, ukikuze peke yake bila kuchanganyika na vingine, ukitie ndani ya mnyama mzima, mnyama augue ugonjwa ule ule, kisha ukitoe humo tena. Shida ilikuwa kukikuza peke yake. Alijaribu juu ya vipande vya viazi, akajaribu jelatini, lakini jelatini huyeyuka kukiwa na joto. Aliyefumbua fumbo hilo ni mwanamke, Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti waliofanya kazi naye. Yeye alikuwa akitumia aga jikoni kugandishia vyakula vyake, akapendekeza ijaribiwe maabarani. Mpaka leo ndiyo inayomiminwa katika sahani za Petri, ila jina la mama huyo halikubandikwa popote.

Sasa njooni kwenye kifua kikuu. Wakati huo kilikadiriwa kuua mtu mmoja katika kila saba, na wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Kiini chake ni kidogo, hakikubali rangi kwa urahisi, na hukua polepole mno. Wiki zinapita sahani ikiwa tupu. Mwingine angekwisha kata tamaa. Koch alisubiri, akawadunga simbilisi, akasubiri tena. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, aliingia ukumbini na vielelezo zaidi ya 200, akasoma matokeo yake kwa sauti isiyo ya kuvutia. Alipomaliza hapakuwa na makofi wala swali. Watu waliduwaa tu. Tarehe hiyo ndiyo ulimwengu unaiadhimisha kuwa siku ya kifua kikuu.

Mwaka uliofuata alitumwa Misri kufuata kipindupindu, akaendelea hadi Calcutta, India, na huko akakitambua kiini chake. Mwaka 1885 akafanywa profesa wa elimu ya afya katika Chuo Kikuu cha Berlin. Sifa zikamiminika kama mvua ya masika.

Lakini sifa nazo zina mzigo wake. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kuzuia kifua kikuu, nayo ikaitwa tubakulini. Alificha imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pembe zote za Ulaya, wengine wakiwa mahututi. Hata Arthur Conan Doyle, yule daktari aliyetunga visa vya Sherlock Holmes, alifunga safari kwenda kujionea, akarudi na mashaka. Muda si muda ikadhihirika kwamba dawa haiponyi, na baadhi ya waliodungwa walizidiwa wakafa. Mtu aliyewadai wenzake ushahidi safari hii aliuruka mwenyewe. Tubakulini ilikuja kupata kazi nyingine baadaye: kupimia ngozi ili kujua kama mtu ameambukizwa.

Baada ya hapo alikuwa msafiri. Mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini akipambana na sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa bara hili. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Halafu mwaka 1906 akaja Afrika Mashariki, akipitia Amani kwenye milima ya Usambara, hatimaye akapiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda. Malale ilikuwa imeua watu zaidi ya 200,000 katika nchi hiyo. Koch aliwadunga wagonjwa dawa ya atoksili, yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni ilikuwa furaha: waliobebwa wakaanza kutembea. Kisha ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo, na watu ishirini na wawili wakapofuka, wasione tena. Hapo ndipo alipokiacha kipimo kile kikubwa.

Mimi sikubaliani na wanaosema ati nyakati zilikuwa hizo. Wagonjwa wa Berlin walipodhurika, magazeti na madaktari walipiga kelele, na mambo yakachunguzwa. Wa Sese walikuwa na nani wa kuwapigia kelele? Wala simvui Koch heshima yake. Bila yeye tungali tukidhani kifua kikuu ni urithi wa ukoo. Ila nikisomewa habari za Wollstein na Berlin, nataka na Sese isomwe papo hapo, katika kipindi kile kile.

Alirudi kwao mwaka 1907. Mwenzake wa zamani, Paul Ehrlich, aliichunguza atoksili upya, akaibadilisha mara mamia, akapata dawa ya kaswende iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Koch alifariki mwaka huo huo, tarehe 27 Mei, mjini Baden-Baden, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi ambayo siku hizi inaitwa kwa jina lake.