Karani wa Forodha Aliyeandika Kusadikika

Shaaban Robert alizaliwa Machui, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akawa karani wa forodha huko Pangani. Siku zile za utawala wa Kiingereza mshahara wa serikali ulifuata rangi ya mtu: Mzungu mbele, Mhindi katikati, Mwafrika nyuma ya wote. Karani wetu alifanya kazi chini ya kipimo hicho.

Mwaka 1951 kitabu chake Kusadikika kilipigwa chapa. Nchi yenyewe ameiweka angani, asipatikane mtawala wa kusema ametukanwa. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kuwafundisha watu sheria, naye amekwisha mhukumu moyoni kabla hajamsikia. Karama anajitetea siku sita kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatiwa kifungoni. Kinaya ni hapo, na wengi wetu darasani tulikipita bila kukiona: mshtakiwa ndiye analishtaki baraza. Majivuno hakaripiwi; jina lake latosha.

Mwandishi alifariki Juni 1962, siku chache kabla ya Burundi kupata uhuru tarehe 1 Julai.