John Muir, Mzee wa Kulala Msituni

Leo nawaletea habari za John Muir. Alizaliwa Dunbar, Uskoti, mwaka wa 1838, akahamia Marekani na babake mwaka wa 1849.

Mwaka wa 1867 aliumia jicho kiwandani, akakaa gizani majuma kadhaa. Alipopona aliacha kazi, akatembea kama maili 1,000 kutoka Kentucky hadi Florida ili aone mimea.

Baadaye, katika milima ya Sierra Nevada, California, alilala popote usiku ulipomkuta, chini ya mti au kando ya mto. Hema la nini? Mkate, majani ya chai na daftari, basi!

Mei 1903 Rais Theodore Roosevelt alilala naye nje siku tatu huko Yosemite. Usiku mmoja theluji iliwaangukia. Kando ya moto Muir alimwomba bonde lile lilindwe na serikali kuu. Mwaka wa 1906 likalindwa.

Kumbe hata kwetu alifika! Mwaka wa 1912, akiwa na miaka 73, alipita Mombasa, akapanda gari la moshi hadi Ziwa Victoria.

Lakini mwaka wa 1913 serikali iliruhusu bwawa lijengwe katika bonde la Hetch Hetchy, alilolipigania miaka mingi. Alifariki Desemba 1914.

Mimi nimejifunza kwamba mtu hutetea anachokijua. Sisi tunaoingia msituni kutafuta kuni tu, tutaujua lini? Twende tukalale huko, tuzime moto vizuri, na takataka turudi nazo.