Mzee Andrea Kajerero na Wasomaji wa Mafichoni

Historia ya Kanisa letu katika nchi ya Wahaya, Bukoba hadi Muleba, haikuanza na mmisionari. Kabla ya Mchungaji Ernst Johanssen wa Misioni ya Betheli kufika mwaka 1910, Neno la Mungu lilikuwa limekwisha kuletwa na Wahaya wenyewe. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Andrea Kajerero.

Kajerero alijifunza kusoma kwa Waprotestanti wa Uganda, akarudi nyumbani na elimu hiyo. Maandiko yalikuwa ya Kiganda, lugha iliyopata Biblia nzima mwaka 1896. Lakini Bukoba ilikuwa chini ya Wajerumani, na dini iliyotoka upande wa Waingereza ilitiliwa shaka. Hivyo yeye na wenzake walisoma mafichoni, ajuaye herufi akimfundisha asiyejua. Darasa lao ndilo lililokuwa kanisa lao.

Johanssen alikuta wasomaji wakingoja mchungaji. Na vita vilipowaondoa wamisionari Wajerumani mwaka 1916, Wakristo wenyeji hawakutawanyika, kwa kuwa walikwisha kujifunza kulitunza Neno bila mlinzi. Huo ndio urithi wa Mzee Kajerero.