Mirambo, na adui wa kompyuta asiyejua kungoja

Mtyela Kasanda alizaliwa Unyamwezi yapata mwaka 1840, katika ukoo wa watemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Wangoni waliokuwa wamepanda kutoka kusini walimwonyesha namna ya kupigana kwa mbio na kwa nidhamu. Alipopata nguvu alijulikana kwa jina la Mirambo. Askari wake, rugaruga, walikuwa vijana waliolipwa kwa nyara. Vijiji vingi viliungua mikononi mwao, na jambo hilo tusilifiche.

Hata hivyo, watengenezaji wa michezo ya kompyuta ya vita vya kale wangefaa kumsoma. Katika michezo mingi ya aina hiyo, adui anayeendeshwa na mashine huhesabu askari, akajiona ana wengi, akaja moja kwa moja. Ukichagua ngazi ngumu, mara nyingi huongezewa mali na watu, si akili.

Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walimwendea Mirambo na watu zaidi ya 2,000, Stanley akiwa pamoja nao. Kikosi cha Soud bin Sayd kiliuteka mji wa Wilyankuru. Kwa hesabu ya vichwa, Mirambo alikuwa ameshindwa. Kumbe alikuwa amejificha na watu wake katika nyasi kando ya njia. Washindi waliporudi wameelemewa na pembe za ndovu, vitambaa na mateka, aliwarukia, na Soud akauawa. Msomaji hahitaji kuelezwa zaidi. Baadaye mwezi huo huo Mirambo aliingia Tabora kwenyewe.

Anayetaka kumnoa adui wa mashine aanzie hapo: amfundishe kutazama mzigo wa mpinzani na njia yake ya kurudi, na kukubali kupoteza mji mmoja kwa ajili ya saa iliyo nzuri zaidi. Kuongeza askari ni uvivu tu.

Vita na Tabora viliendelea kwa miaka kadhaa, misafara ya kwenda Ujiji ikikwama. Mwaka 1876 Mirambo alichanjiana damu na Stanley yule yule aliyepigana naye. Alifariki Desemba 1884, baada ya kuugua koo. Mpandashalo alikirithi kiti, lakini rugaruga hawakumtii kama walivyomtii Mirambo, na dola likavunjika vipande.