Miezi Sita ya Karoli Lwanga



Nina miaka minne tangu kipaimara, na bado naona aibu kufanya ishara ya msalaba kwenye daladala la Mbagala. Halafu namkumbuka Karoli Lwanga. Alibatizwa Novemba 1885, mara baada ya Yosefu Mukasa kuuawa, akachukua nafasi yake kuwalinda vijana wa ikulu ya Buganda na tamaa za Kabaka Mwanga. Mei 1886, usiku wa kuamkia hukumu, padre hakuwepo; akawabatiza wakatekumeni mwenyewe, pamoja na mdogo wao Kizito. Juni 3 akachomwa Namugongo, taratibu, kuanzia miguuni. Ukristo wake: miezi sita na ushee tu!

Kesho nikipanda gari, naanza na msalaba. Wewe je?

Mtakatifu Karoli Lwanga, utuombee.